Mipira ya Mbao

Mwaka jana nilitumia miezi mitano kutengeneza unga mweupe ambao kwenye skrini ya kompyuta ulikuwa jumba lenye vyumba visivyohesabika. Programu ilinionyesha kila kitu: mafundo ya zinki, nguzo za kaboni zinazounganisha fundo na fundo, na katikati nafasi tupu ambamo floraidi ya maji ya kwetu Meru ingeingia na kunaswa. Hesabu zilisema gramu moja ya unga huo ingekuwa na eneo la ndani la zaidi ya mita za mraba 2,000. Sampuli ikapelekwa kupimwa chuo kingine, maana chetu hakina mashine hiyo. Majibu yalirudi baada ya wiki saba. Mita za mraba 11.

Msimamizi wangu aliisoma karatasi mara mbili, akavua miwani, akasema, "Jengo limeanguka." Kisha akauliza, "Ulilikausha vipi?"

"Kwenye oveni, Dokta. Nyuzi 150, usiku kucha."

Hakusema kitu. Alinirudishia karatasi na kuendelea kusahihisha mitihani ya mwaka wa pili. Nilitoka nikiwa nimekasirika, hasa kwa sababu swali lake lilinionekania dogo mno. Nilikuwa nimetumia wiki nyingi kuchagua nguzo, kupima pembe, kulinganisha mafundo. Nani anauliza habari za oveni?

Wiki tatu baadaye, tarehe 8 Oktoba 2025, ikatangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya kemia inakwenda kwa watu watatu: Richard Robson wa Melbourne, Susumu Kitagawa wa Kyoto na Omar Yaghi wa Berkeley, kwa kazi yao juu ya viunzi vya metali na kaboni, vitu ambavyo duniani kote huitwa kwa kifupi MOF. Wenzangu wakanitumia pongezi kwenye kundi la WhatsApp kana kwamba ni mimi niliyeshinda. Niliwajibu kwa vikatuni vya kucheka. Usiku huo nilianza kusoma upya makala za zamani za watu hawa, safari hii nikitafuta jambo moja tu: wao walikausha vipi?

Kwanza nieleze kitu chenyewe. Anayejua dema, ule mtego wa samaki wa pwani unaosukwa kwa fito, ameshaelewa nusu ya habari. Thamani ya dema imo kwenye nafasi iliyofungwa na zile fito, na fundi humpimia samaki tundu. MOF ni dema la ukubwa wa molekuli. Ioni za metali ndizo mafundo, molekuli za kaboni ndizo fito, na mpango mmoja hujirudia pande zote tatu mpaka fuwele nzima inakuwa dema moja. Kinachoingia ndani kinaweza kuwa gesi, maji, dawa au sumu.

Vitu vyenye vitundu vya namna hii havikuanza jana. Mwaka 1756 Axel Cronstedt wa Sweden alichoma jiwe fulani, likatoa mvuke kana kwamba linachemka. Akaliita zeolaiti, kwa maneno ya Kigiriki ya kuchemka na jiwe. Maji yalikuwa yamejificha kwenye vijia vya ndani ya jiwe. Leo zeolaiti zimo hadi kwenye sabuni za unga, na kiwanda cha kusafisha mafuta hakiendi bila hizo. Lakini mtengenezaji wa zeolaiti hakuwa na uhuru mkubwa. Alichanganya, akapika, akafungua chungu kuona kilichotoka. Umbo lilichaguliwa na silika na alumini, si na yeye. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa fuwele kwa jumla, kiasi kwamba mwaka 1988 John Maddox, mhariri wa jarida la Nature, aliandika kwamba ni aibu kwa sayansi kushindwa kutabiri umbo la fuwele hata iliyo rahisi kwa kujua tu imeundwa na nini.

Sasa turudi nyuma kidogo, mwaka 1974. Robson, Mwingereza aliyehamia Australia mwaka 1966, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Melbourne. Alitakiwa kuandaa mipira ya mbao na vijiti ili wanafunzi waunde mifano ya molekuli. Ilibidi karakana ya chuo itoboe mipira hiyo, na matundu hayakuweza kutobolewa ovyo: kaboni inashika wenzake kwa pembe zake, nitrojeni kwa zake. Robson akaweka alama, mafundi wakatoboa. Mipira iliporudi alijaribu kuunganisha molekuli kadhaa, na hapo akaona jambo ambalo nadhani kila mwalimu wa kemia ameliona bila kuliona. Ukishatoboa tundu mahali pake, umbo zima linajijenga lenyewe. Maarifa yote yamo kwenye matundu.

Swali lililofuata ni jepesi kulisema. Badala ya mipira ya mbao, je, ukitumia ioni zenyewe? Ukichukua metali inayopenda kushika wenzake wanne na molekuli yenye mikono minne, si vitajipanga vyenyewe kama almasi?

Kinachonivutia zaidi katika kisa hiki ni kwamba hakufanya lolote. Kila mwaka mipira ilitolewa kabatini kwa ajili ya wanafunzi wapya, kila mwaka wazo likamjia, na miaka zaidi ya kumi ikapita. Tunapohadithiwa historia ya sayansi huwa tunafupishiwa miaka ya namna hii, kana kwamba mtu anapata wazo asubuhi na jioni yupo maabara. Mimi naiamini hadithi hii kwa sababu ya hiyo miaka kumi.

Hatimaye alijaribu. Alichukua ioni za shaba zenye chaji moja, zinazopenda kushika vitu vinne, na molekuli yenye mikono minne ambayo kila mkono unaishia na nitrojeni ya kushika shaba. Wengi wangetarajia apate mchafuko kama kiota cha ndege. Akapata fuwele. Yeye na Bernard Hoskins walipoipiga eksirei waliona mpangilio wa almasi, ila umetanuliwa mno, na sehemu kubwa ya ndani yake si kitu kigumu bali kimiminika. Walichapisha mwaka 1989, na mwaka uliofuata wakatoa makala ndefu zaidi inayosema wazi kwamba viunzi vya aina hii vinaweza kusanifiwa kwa makusudi. Watu wanaotumia maneno "usanifu wa kimantiki" wengi wao huanzia hapo.

Nilisoma makala hizo nikitafuta oveni. Haimo, kwa sababu kulikuwa hakuna cha kupeleka kwenye oveni. Vyumba vya Robson vilikuwa vimejaa kiyeyushi na ioni nyingine za kusawazisha chaji. Aliweza kubadilishana ioni hizo na nyingine kutoka nje, jambo lililothibitisha kwamba njia zipo, lakini viunzi vyake vya mwanzo vilikuwa dhaifu. Ukitoa wapangaji, nyumba inaanguka. Na palipokuwa na nafasi isiyo na mpangaji, maumbile yalileta wake: katika sianidi za zinki na kadmi, ambazo Hoskins na Robson walizieleza mwaka 1990, kiunzi cha pili kimeota ndani ya cha kwanza, vimepitana kama pete za mnyororo. Umesanifu ukumbi, unakuta ukumbi mwingine umesimama ndani yake. Kwa hiyo mantiki ilitabiri mpangilio, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Utupu haukutabiriwa na mtu.

Kitagawa ndiye aliyefika kwenye utupu, na alifika kwa njia ya mtu asiye na haraka. Alizaliwa Kyoto mwaka 1951. Anasema aliongozwa na wazo alilolikuta katika kitabu cha mwanafizikia Hideki Yukawa, naye Yukawa alilitoa kwa Zhuangzi, mwanafalsafa wa kale wa China: kwamba kisicho na faida nacho kina faida yake. Mwaka 1992, akiwa Chuo Kikuu cha Kindai, alitoa kiunzi chake cha kwanza. Kilikuwa bapa, chenye nafasi ambamo molekuli za asetoni zilijificha. Hakikuwa na kazi yoyote. Alipoomba fedha aliambiwa, kwa ufupi, kwamba zeolaiti zipo, ni za bei nafuu na imara. Vyake ni vya nini?

Nilipofika kwenye sehemu hiyo niliweka simu chini. Siku ya kutetea pendekezo langu la utafiti, mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza karibu maneno hayohayo. Mkaa wa mifupa upo, alisema. Watu wa Ngurdoto wamekuwa wakichoma mifupa ya ng'ombe na kuchujia floraidi kwa miaka mingi, kwa gharama ndogo. Wewe unatuletea unga wa kupimwa kwa miligramu. Wa nini? Nilitoa jibu refu lenye maneno ya Kiingereza mengi, likapita, lakini halikumjibu na wote wawili tulijua.

Kitagawa hakuacha. Mwaka 1997 kundi lake lilitengeneza kiunzi cha pande tatu kwa kobalti, nikeli au zinki, chenye vijia vinavyokatizana. Walikikausha, maji yakatoka, nacho kikabaki kimesimama. Kisha wakakipa methani, nitrojeni na oksijeni, kikazipokea na kuziachia bila kubadili umbo. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa MOF kama kitu cha kutumika, ingawa vitabu vingi hupenda kuitaja 1989, ama 1995 jina lilipotungwa, ama 1999. Baadaye Kitagawa akaeleza kwamba viunzi hivi vinaweza kuwa laini, vikajifungua na kujifunga kama mapafu, jambo ambalo zeolaiti haiwezi. Jibu la wale wa fedha lilikuwa limepatikana, lakini kumbuka lilikuja baada ya kazi, halikuwemo kwenye maombi.

Aliyetunga jina ni Yaghi, mwaka 1995. Maisha yake yamesimuliwa sana tangu tuzo, nami nitayapitia upesi: mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina, aliyezaliwa Amman, Jordan, mwaka 1965, katika chumba kimoja kisicho na umeme wala maji ya bomba, ambacho familia iligawana na mifugo. Akiwa na miaka kumi alijipenyeza kwenye maktaba ya shule iliyokuwa ikifungwa, akachomoa kitabu, akakuta michoro ya molekuli bila kujua ni nini. Akiwa na miaka 15 baba yake alimwamuru aende Marekani kusoma. Akaanzia chuo cha jamii huko Troy, New York.

Yaghi alichukia kupika na kufungua chungu. Alitaka kujenga. Alipokwenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona mwaka 1992 alikutana na Michael O'Keeffe, aliyekuwa bingwa wa hesabu za nyavu: ukiwa na fundo la mikono sita na nguzo iliyonyooka, ni nyavu zipi zinawezekana, na ipi ina uwezekano mkubwa kuliko zote? Mchango wa Yaghi ulikuwa kuacha kutumia ioni moja kama fundo. Ioni moja ni kama kifundo cha mkono, inapinda. Yeye alitumia kishada: atomi nne za zinki zilizoshikana kuzunguka oksijeni moja, na pembeni mikono sita ya kaboksili iliyokaza. Kishada hakipindi. Akaunganisha vishada hivyo kwa asidi ya tereftaliki, na mwaka 1999 ikatoka MOF-5. Ilivumilia nyuzi 300 za Selsiasi ikiwa tupu. Eneo la ndani lilikuwa mita za mraba 2,900 kwa gramu. Miaka mitatu baadaye kundi lake likaonyesha viunzi 16 vya familia hiyo: mpangilio uleule, nguzo zimebadilishwa, vyumba vimekuzwa au kupunguzwa kwa matakwa ya msanifu. Hapo ndipo neno usanifu lilipostahili hasa.

Asidi ya tereftaliki, kwa njia, ndiyo inayotengenezewa chupa za plastiki za maji. Utakuja kuona kwa nini naitaja.

Basi, mwaka 2007 ikatoka makala ambayo siku hizi naithamini kuliko ya 1999. Maabara mbalimbali zilikuwa zimetengeneza MOF-5 na kupata namba zisizofanana. Wapo walioripoti chini ya mita za mraba 1,000 kwa gramu. Kundi la Jeffrey Long huko Berkeley, Yaghi mwenyewe akiwemo miongoni mwa waandishi, lilionyesha kwamba kemikali zilezile, zikitayarishwa bila kuguswa na hewa wala unyevu, hufika mita za mraba 3,800. Zikipata hewa, maji yanaingia kwenye vishada vya zinki na kuvivunja polepole. Mchoro ni uleule, mantiki ni ileile, lakini namba inategemea aliyefungua chupa na siku aliyoifungua. Miaka miwili baadaye watu wa Chuo Kikuu cha Northwestern wakaonyesha upande wa pili wa tatizo: kimiminika kinapokauka ndani ya vitundu huvuta kuta kwa nguvu, na kiunzi chororo huanguka. Dawa yao ilikuwa kubadilisha kiyeyushi kwa kabonidioksaidi iliyobanwa mpaka haijulikani ni gesi au kimiminika, kisha kuiachia taratibu. Kwa njia za namna hii kundi hilohilo lilitoa mwaka 2012 kiunzi chenye mita za mraba 7,140 kwa gramu. Nilizidisha 105 kwa 68 ili kuhakikisha. Ni uwanja mmoja wa mpira, kamili, ndani ya gramu moja.

Mwaka huohuo wa 2012 Northwestern walitumia kompyuta kuunda viunzi 137,953 vya kufikirika kutokana na vipande vichache vinavyojulikana, wakavipima vyote kwa methani bila kugusa chupa. Programu niliyotumia mimi ni mjukuu wa kazi hiyo. Sina ugomvi nayo. Ila ndani ya kompyuta vyumba huzaliwa vitupu. Hakuna mpangaji wa kumtoa, hakuna unyevu wa Dar es Salaam, hakuna umeme unaokatika saa nane usiku oveni ikiwa kwenye nyuzi 150. Kompyuta inajibu kama jumba linaweza kusimama. Haijibu kama utaweza kuwatoa mafundi ndani yake bila kuliangusha.

Kosa langu halikuwa oveni peke yake. Nilichagua zinki kwa sababu familia ya MOF-5 ni nzuri kuitazama, nikataka kuitumbukiza majini. Kitu ambacho unyevu wa hewa unakivunja! Mtu yeyote aliyesoma makala ya 2007 kwa makini angenizuia, na mimi nilikuwa nimeisoma. Nilisoma majedwali.

Msimamizi alinielekeza Oslo. Mwaka 2008 watafiti wa huko walitumia zirkoni badala ya zinki, na asidi ileile ya tereftaliki. Kishada cha zirkoni kina mikono 12, na oksijeni zake hazing'oki kwa urahisi. Kiunzi hicho, UiO-66, unaweza kukiosha kwa maji na kukikausha bila hofu kubwa. Na kina kituko. Ilikuja kugundulika kwamba baadhi ya nguzo zake mara nyingi hazipo. Mchoro unasema 12, ukweli unaweza kuwa 11 au pungufu. Kiunzi hakianguki, tena mapengo hayo yanakifanya kiwe wazi zaidi, na ndipo vitu vinaposhikia. Floraidi inapenda zirkoni kwa ukali, na huchukua nafasi ya hidroksili kwenye kishada. Kwa maneno mengine, sehemu inayonifaa mimi ni ile ambayo mwanzoni hakuna aliyeisanifu.

Bibi yangu ana meno ya kahawia, kama wazee wengi wa upande wetu wa mlima. Yeye hulaumu maji, halafu anapika maharage kwa magadi, ambayo nayo yana floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania ilivumilia 4, kwa sababu kulikuwa na vijiji ambavyo visingekuwa na maji halali ya kunywa. Nilipomwambia nasoma namna ya kuchuja maji kwa unga wa vyumba vidogo aliniuliza unga huo unauzwa kilo shilingi ngapi. Ni swali la jopo tena, ila yeye aliuliza kwa upole.

Kloridi ya zirkoni tuliagiza, ikachukua miezi miwili. Asidi ya tereftaliki ilikuwa imeisha stoo. Fundi wetu wa maabara, ambaye sote tunamwita Babu, alinitazama nikilalamika, kisha akatoka na kurudi na mfuko wa chupa tupu za maji kutoka kantini. Tulizikata vipande, tukazichemsha kwa magadi soda mpaka zikayeyuka, tukamwagia asidi, na unga mweupe ukashuka chini ya bika. Njia hiyo inajulikana, imeandikwa. Lakini mpaka siku ile sikuwahi kuitilia maanani, kama Robson na kabati lake.

Safari hii niliosha kiunzi kwa siku tatu, nikibadilisha kiyeyushi asubuhi na jioni, kisha methanoli, kisha nikakipasha moto kwenye ombwe polepole, nikikaa nacho. Sijapeleka sampuli kupimwa eneo la ndani, foleni ni ndefu. Nilichoweza kufanya ni kuchukua lita mbili za maji ya bomba la kwa bibi, nikatia gramu 0.1 kwenye mililita 100, nikatikisa kwa saa mbili na kuweka elektrodi. Kabla, miligramu 4.6 kwa lita. Baada, 1.7.

Nilirudia mara tatu nikapata 1.7, 1.8 na 1.7. Bado ipo juu ya 1.5. Babu alisoma namba ile begani kwangu, akauliza kama nimebakiza chupa nyingine.